Kuinua Jimny inchi 2 kwa bei nafuu

JB43_Moshi: Wakuu, nina Suzuki Jimny, toleo la JB43, nataka kuinua inchi 2 ivae tairi za 215/75R15. Nichukue spesa tupu (vipande vya kuwekwa kwenye springi ili gari linyanyuke) au seti kamili? Bajeti imebana.

Fundi_Springi: Mkuu, achana na spesa tupu. Shokapu zinabaki fupi zilezile. Tairi likining'inia shimoni zinafika mwisho na kugonga, sili haikawii kuvuja. Chukua springi 4 za kuinua milimita 50 na shokapu 4 ndefu.

Ekseli_Nzima: Ongeza bushi za kasta (mipira ya kurudisha kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao tairi la mbele hukatia kona) kwenye mikono ya ekseli ya mbele. Ukiinua, kasta inapungua, gari linatangatanga kwenye lami. Rodi ya panhadi, inayounganisha ekseli na chesi kwa upande, nayo inasogeza ekseli pembeni kidogo. Ile ya kurekebishika inaweza kusubiri, bushi haziwezi.

Fundi_Springi: Kweli kabisa. Na boliti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekalia matairi yake. Ukikaza likiwa kwenye jeki, mpira unabaki umejisokota na kuchanika mapema. Kabla ya kulishusha, ekseli ikining'inia, zungusha usukani mwisho hadi mwisho uone hosi za breki hazivutiki.

JB43_Moshi: Shukrani. Taa?

Ekseli_Nzima: Zishushe, zitawachoma macho wanaokuja.