Mjadala: Je, bunduki ya bolti ya bei nafuu inafaa porini, au inatuachia wanyama majeruhi?

Mkazi wa Ruvuma:
Ndugu wawindaji, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Msimu uliopita, tukiwa tunasubiri vibali, mwenzetu mmoja alikigonga kwa kidole kitako cha plastiki cha bunduki yangu, kisha akasema mbele ya watu kwamba silaha za namna ile ndizo zinazolijaza pori wanyama wenye risasi mapajani. Bunduki yenyewe ni ya bolti, yaani ya kuvuta na kusukuma kipande cha chuma kwa mkono kila unapopiga, yenye kaliba (kipimo cha risasi) ya .30-06, na ni ya bei ya chini kabisa niliyoiona dukani; nimeitumia misimu minne, na katika pala, ngiri na kongoni nilioangusha sikumbuki aliyekwenda zaidi ya hatua mia moja. Je, ni haki kumdharau mkazi wa kipato cha kawaida kwa sababu ya bei ya silaha yake, au kweli ipo hatari ambayo sisi tunaozimiliki hatutaki kuiona?

Mzee wa Mauser:
Hatari ipo, na si ya kubuni. Katika mfumo wa bunduki ya Mauser wa 1898, kucha ndefu ya chuma iliyo kwenye bolti huikamata risasi mara inapotoka magazini (kisanduku cha risasi), huiongoza hadi chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, wala haiiachii mpaka ganda litupwe nje. Hizi za rahisi huisukuma tu risasi mbele, na kucha yake ndogo huidaka mwishoni, bolti inapofungwa. Mtu akipatwa na kiwewe, akaivuta bolti kabla haijafunga kisha akaisukuma tena, risasi ya kwanza imebaki chemba, ya pili inaigonga kisogoni, na bunduki imekwama huku nyati anakuja. Kampuni ya Winchester walipoiondoa kucha hiyo kwenye bunduki yao ya Model 70 mwaka 1964 ili kupunguza gharama, wawindaji wa Marekani walilalamika kwa miaka, na zile za kabla ya hapo zikapanda bei. Mimi nina bunduki ya BRNO ZKK 602 ya .375 niliyoachiwa na marehemu baba, na haijawahi kuniaibisha. Mwenye plastiki abaki na kanga na sungura.

Mkenya wa Minnesota:
Shikamoo, Mzee. Hayo ya kucha nayakubali, ila hilo la kanga na sungura limenigusa. Kila Novemba nawinda kulungu kaskazini mwa Minnesota kwa Ruger American ya .308 niliyonunua chini ya dola 500, na katika mita 100 risasi tatu hukaa ndani ya duara la kikombe cha kahawa. Urahisi wake haukutokana na kulipua kazi. Mwili wa bunduki umekazwa juu ya vipande viwili vya chuma vyenye umbo la V vilivyozamishwa kwenye plastiki, kwa hiyo hauhitaji fundi wa kuchonga mbao kwa wiki nzima. Kampuni ya Savage nao, tangu bunduki yao ya 110 mwaka 1958, hukaza mtutu kwa nati, na nafasi ya chemba hupimwa na kufungwa kwa dakika chache. Kilichopungua ni saa za fundi, wala si ubora wa mtutu.

Mzee wa Mauser:
Marahaba. Lakini mwanangu, Kenya mlipiga marufuku uwindaji miaka ya themanini. Kulungu anayepigwa na mtu aliyekaa juu ya mti na chupa ya chai ubavuni hawezi kumfundisha mtu wa Rukwa habari za nyati.

Mkenya wa Minnesota:
Ilikuwa mwaka 1977, Mzee, wala si miaka ya themanini, na marufuku ile haikuwahusu ndege. Tanzania nanyi mlifunga uwindaji kuanzia 1973 hadi 1978, nami sijasikia mtu akidai kwamba baba zenu walisahau kulenga. Baridi ya kule hugandisha mafuta ndani ya bolti, hivyo hicho kiti cha juu ya mti nacho ni chuo.

Mjukuu wa Karamoja:
Tusipotezane kwa habari za mipaka. Bell, yule Mskoti aliyewinda huku kwetu Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa kaliba ndogo ya .275 ambayo leo mngeicheka. Aliijua miili ya wanyama wake, akaweka risasi mahali pake. Kwa hiyo mkono ni bora kuliko bei.

Mzee wa Mauser:
Ahsante kwa kunisaidia. Hiyo .275 ya Rigby ndiyo 7x57 ya Mauser kwa jina la Kiingereza, na ilijengwa juu ya mwili wa Mauser wenye kucha ile ile ninayoisema.

Fundi wa Mitutu:
Natengeneza silaha za kiraia kwa leseni, na nimesoma hapa mambo ya Kenya, Bell na chai, lakini sijasoma linaloletwa mezani kwangu kila msimu. Bunduki za rahisi zinazoletwa kwa lawama ya kutolenga, nyingi zina mitutu mizima kabisa. Kilicholegea ni skrubu za darubini, au mwenyewe hupiga risasi tatu tu kwa mwaka kwa kuzionea huruma. Kitako cha plastiki kina tatizo moja la kweli: sehemu ya mbele hupinda. Ukiiegemeza kwenye fito za kulengea, plastiki hugusa mtutu, na risasi huhama upande. Mkazi wa Ruvuma, chukua noti ya shilingi elfu, ipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele hadi karibu na chemba, kisha rudia huku bunduki imelala kwenye fito zako kama porini; ikikwama, hapo ndipo plastiki inapougusa mtutu. Kabla ya yote hakikisha chemba na magazini ni vitupu.

Mkazi wa Ruvuma:
Kuhusu risasi tatu, ndugu Fundi, umenionea. Mwaka huu nimepiga 14 uwanjani, na kwa bei ya risasi moja huku kwetu, mke wangu anaijua hesabu hiyo kuliko mimi.

Fundi wa Mitutu:
Kumi na nne ni nyingi kuliko wateja wangu wengi. Na noti?

Mkazi wa Ruvuma:
Bunduki ikiwa mkononi, ilipita vizuri. Ikiwa kwenye fito ilikwama vidole vitatu kutoka mbele, upande wa kushoto. Sasa nakumbuka kwamba yule kongoni wa Septemba nilimlenga begani, risasi ikaingia nyuma kidogo ya hapo, nami nikausingizia upepo.

Mzee wa Mauser:
Kata kipande cha bomba chembamba kuliko mfereji wa mtutu, kizungushie msasa, usugue taratibu upande huo wa kushoto tu mpaka noti ipite bila kukwaruza. Ukimaliza, rudi uwanjani ulenge upya ukiwa kwenye fito zako, usitumie mfuko wa mchanga. Kwa kongoni sina neno tena. Kwa nyati msimamo wangu ni ule ule, na ukipata kibali chake niambie mapema, ile 602 tutakwenda nayo mimi na wewe.