Muuzaji wa unga wa mitishamba ya Kichina kwa mzio wa chavua: sema umetia nini humo!

Wakuu, sitazunguka. Nimechoshwa na hawa watu wanaowauzia "siri ya Mashariki" wenzangu wa mzio, sisi ambao msimu wa chavua ukiingia tu pua inavuja, macho yanawasha mpaka unatamani kuyang'oa, na usiku unapumulia mdomo. Nimenunua unga wao, nimeutumia, umenidhuru, na nilipouliza kilichomo nikafungiwa mlango.

Kopo ninalo hapa. Upande wa mbele pana mlima wenye ukungu na maneno "asili 100%, halina madhara". Ligeuze sasa: "Mchanganyiko maalumu wa mimea 12, miligramu 1,500." Basi! Mimea gani? Hawasemi. Kila mmoja kiasi gani? Hawasemi. Namba ya bechi imebandikwa juu ya namba nyingine. Ukikwangua kwa ukucha, ya chini inaonekana, na hazifanani. Kijiko kilichomo hakina alama yoyote ya kipimo, halafu maelekezo yanakwambia "kijiko kimoja hadi viwili, kulingana na hali". Hali ya nani?

Pua ilifunguka siku ileile, sikatai. Lakini moyo nao ukaanza kwenda mbio nikiwa nimekaa tu, mikono ikatetemeka, usingizi ukakata. Kupima presha, imepanda, na mimi sijawahi kuwa mtu wa presha. Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake: "Usiogope, huo ni mwili unatoa sumu, ongeza kijiko." Mtu anakwambia moyo unamwenda mbio, wewe unamwambia aongeze! Nilipomwomba orodha ya mimea akasema ni siri ya familia. Nilipomwomba mara ya pili akanifungia, hata picha yake siioni tena.

Daktari swali lake la kwanza lilikuwa: kuna nini ndani? Nikampa kopo. Akalisoma mbele na nyuma, akanirudishia. Atafanya nini na "mimea 12"? Ikabidi atibu dalili kwa kubahatisha, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hela iliyopotea.

Kwa wasiojua kwa nini napiga kelele: mitishamba ya mafua na pua katika tiba ya Kichina mara nyingi huwa na ma huang. Mmea huu una efedrini, kemikali ambayo Mjapani Nagai Nagayoshi aliitenga kutoka kwenye mmea huohuo mwaka 1885. Efedrini hubana mishipa ya damu, uvimbe wa ndani ya pua unapungua, unapumua. Ila haijui kubana mishipa ya pua peke yake. Presha inapanda, moyo unadunda, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo, tezi ya thairoidi, presha ya macho au tezi dume, hapo pana hatari ya kweli. Mwaka 2003 mchezaji wa besiboli wa Marekani, Steve Bechler, alifariki kwa kuzidiwa na joto akiwa mazoezini, na kirutubisho chenye mmea huu kilitajwa kuwa kimechangia. Mwaka uliofuata Marekani ikapiga marufuku virutubisho vyenye efedrini ya mmea huo. Sisemi kopo langu lina ma huang. Nasema nina haki ya kujua kama linayo, na kiasi gani.

Na si ma huang tu. Gan cao, ule mzizi mtamu wa likorisi unaotiwa karibu kila mchanganyiko, ukiutumia kwa wingi na kwa muda mrefu hushusha potasiamu na kupandisha presha. Weka hivyo viwili kwenye kopo moja lisilo na vipimo, halafu mpe mtu anayemeza vidonge vya presha!

Kuna na xi xin, mzizi wa kuzibua pua. Umo katika ukoo wa mimea yenye asidi ya aristoloki, ambayo huua figo na husababisha saratani. Tangu toleo la 2005, famakopia ya China, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inataka mzizi na shina la chini ya ardhi tu, si majani, kwa sababu sumu iko zaidi juu. Sasa katika unga uliosagwa laini, nani atatofautisha jani na mzizi? Someni yaliyotokea Brussels miaka ya 1990: wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina, mmea mmoja ukawekwa mahali pa mwingine wenye jina la kufanana, figo zikafa. Walioathirika walipita 100, na baadhi yao baadaye wakakutwa na saratani ya njia ya mkojo. Hakuna aliyekusudia kuwaua. Hakuna tu aliyehakikisha ndani kuna nini.

Najua watakuja wa "unadharau tiba za watu". Sidharau hata kidogo, na ndiyo maana hasira yangu ni kubwa. Japani wana dawa inaitwa shoseiryuto, asili yake Uchina, daktari anakuandikia kwa mafua ya mzio na bima ya taifa inalipia. Ina mimea minane, ma huang, xi xin na gan cao ikiwemo. Lakini kila kitu kimeandikwa: kwa dozi ya siku ya mtu mzima, gramu 6 za ban xia na gramu 3 za kila mmoja wa ile saba iliyobaki. Karatasi ya ndani inataja nani asitumie, na dawa gani zisichanganywe nayo. Yaani mitishamba ileile, tiba ileile ya kale, na hakuna siri ya familia. Anayeficha hafichi kwa kuheshimu mila, anaficha asiulizwe.

Halafu hili la mwisho ndilo limenifanya niandike badala ya kunyamaza. Huyu bwana anawaambia wateja waache dawa za hospitali "zisigombane na mitishamba". Dawa ya kupuliza puani, ukiacha, utapiga chafya. Lakini wengi wetu wenye mzio wa chavua tuna na pumu. Mwambie mtu wa pumu aache pampu yake katikati ya msimu wa chavua, umemchimbia kaburi. Na mjue pia mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimeshawahi kukuta steroidi, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe, kama deksamethasoni, zimechanganywa kimyakimya kwenye "mitishamba" ya namna hii. Ukitumia hizo kwa muda mrefu bila kujua, mwili unazizoea, na kuacha ghafla kunaweza kukulaza.

Kopo sijalitupa, na wewe uliye na la kwako usilitupe. Funga vizuri, piga picha lebo pande zote, hifadhi mazungumzo yako na muuzaji, peleka malalamiko kwa mamlaka ya dawa ya unakoishi. Mimi langu nimeshalipeleka. Kama moyo unadunda au mkojo umepungua usisubiri majibu ya uzi huu, nenda hospitali na kopo mkononi.

Na wewe muuzaji, najua unasoma humu. Orodha ya mimea 12, na miligramu za kila mmoja. Iweke hapa chini.