Kujiendesha, kuchukua dereva au kupanda treni? Nilinganishieni kabla sijalipia

Kibegi

Wakuu, heshima kwenu. Mwezi ujao naenda Italia na mke wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka 6, mwingine 10. Siku 9 Italia, kisha tunavuka milima kwenda Uswisi siku 4. Leseni ninayo miaka kumi na mitatu, lakini miaka yote hiyo nimeendesha kushoto kwa barabara, usukani uko kulia. Kule ni kinyume.

Nimebaki na njia tatu: kukodi gari moja siku zote 13, kuchukua gari lenye dereva wake, au kupanda treni safari ndefu na kukodi gari siku chache za mashambani tu. Mdogo wangu ana ya nne, anasema kodi skuta, inapenya popote. Wenye uzoefu nilinganishieni kwa sheria na usalama, bei nitapambana nayo mwenyewe. Na hii leseni ya kimataifa ni ya lazima kweli au watu wanakula hela tu?

Mzee wa Usukani

Nianze na hilo la mwisho, maana hapo ndipo wengi wanakwama kaunta mabegi yakiwa mkononi. Kinachoitwa leseni ya kimataifa si leseni. Ni kijitabu kinachotafsiri leseni yako, na bila leseni yenyewe pembeni hakina kazi. Unakipata katika nchi iliyokupa leseni, kabla hujaondoka. Ukiona tovuti inakuuzia kadi inayong'aa iliyoandikwa halali miaka kumi dunia nzima, kimbia. Kijitabu cha mkataba wa usafiri wa barabarani wa Geneva wa 1949 kinaishi mwaka mmoja. Cha mkataba wa Vienna wa 1968, nao wa barabarani, hakizidi miaka mitatu, na leseni yako ikiisha muda kabla ya hapo nacho kimekufa.

Tena nchi hazipokei kila kijitabu. Japani wanakubali cha 1949 tu, ukienda na cha 1968 hupewi gari. China bara hawatambui hata kimoja, unaomba kibali chao cha muda. Italia, kwa mwenye leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya, wanataka kijitabu au tafsiri rasmi. Kwa safari yako hakuna mjadala mkuu, kichukue.

Gia ya Tano

Mzee unamtisha bure. Nimeendesha nchi tano na sijawahi kuombwa hicho kijitabu. Leseni, pasipoti, funguo mkononi, safari.

Mzee wa Usukani

Hujaombwa kwa sababu hujagonga. Anayeuliza kwa makini ni mtu wa bima, siku ambayo kuna mtu amelazwa. Akikuta hukuwa na ruhusa ya kuendesha nchi ile, amepata sababu ya kukuachia mzigo.

Gia ya Tano

Hapo sawa, nimekaa chini.

Dada Risiti

Kibegi, mimi niitazame bima, maana ndiyo inayotenganisha njia yako ya kwanza na ya pili kuliko kitu kingine. Ukichukua dereva, leseni ni yake, bima ni yake, faini za barabarani ni zake. Ukijiendesha ni zako zote, hata kama kibao hukukielewa.

Bei unayoiona mtandaoni mara nyingi tayari ina bima ya gari lenyewe, ila kuna kiasi cha kwanza unachojilipia wewe, na ndicho wanachokizuia kwenye kadi yako siku ya kuchukua gari. Kukiondoa kuna namna tatu. Ya kwanza unanunua palepale kaunta: ghali, lakini ukirudisha gari na mkwaruzo unawapa funguo unaondoka. Ya pili unanunua mapema kwa kampuni nyingine: nafuu mno, ila mwenye gari anakukata kwanza, halafu wewe ndiye wa kufukuzana na risiti, picha na ripoti ya polisi mpaka urudishiwe. Ya tatu ni bima inayokuja na kadi ya benki, ambayo kwa kawaida inataka ulipie ukodishaji wote kwa kadi hiyohiyo na ukatae bima ya kaunta. Mimi huchukua ya pili kwa sababu nina roho ya kutunza makaratasi. Mume wangu na risiti ni maadui, akisafiri peke yake namwambia alipe kaunta amalizane nao.

Kisha soma wasichofidia: tairi, vioo, paa, uvungu, funguo zilizopotea, mafuta yasiyo ya gari hilo. Hilo la mwisho Italia si mzaha. Pampu iliyoandikwa gasolio ni dizeli. Petroli ni benzina.

La mwisho kisha nanyamaza. Watu hugombania mikwaruzo wakasahau bima ya madhara kwa wengine. Gari lina bei yake, deni haliwezi kuipita. Mtu uliyemvunja uti wa mgongo hana bei. Ulaya bima hiyo ni ya lazima na viwango vyake viko juu. Marekani kila jimbo lina kiwango chake cha chini, kwingine ni kidogo mno ukilinganisha na bili za hospitali za kule, kwa hiyo nyongeza ya kaunta ambayo Ulaya ningeikataa, Marekani ningeilipia.

Jicho la Nyuma

Naunga mkono treni na gari la siku chache, na sababu yangu ni herufi tatu: ZTL. Ni maeneo ya katikati ya miji mingi ya Italia, Roma, Firenze na Pisa zimo, ambako gari lisilo na kibali haliingii saa fulani. Kibao ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na karibu yake kuna kamera inayosoma namba. Hakuna geti wala askari. Mimi niliingia mji mmoja jioni nikitafuta hoteli, simu inanielekeza kwa sauti ya upole kabisa. Nikapitiliza, nikazunguka, nikaingia tena. Miezi saba baadaye niko nyumbani nimeshasahau, walionikodisha gari wakakata ada kwenye kadi yangu. Ada ya kuwapa wakubwa jina langu tu! Faini zenyewe zilikuja kwa barua baadaye, mbili, moja kwa kila kuingia, zimepishana dakika kumi na moja. Sheria yao inawapa siku 360 kumfikishia mtu anayeishi nje ya nchi, kwa hiyo usidhani kimya ni msamaha.

Hoteli yako ikiwa ndani ya eneo hilo, waulize kabla hujafika kama wanaweza kuandikisha namba ya gari. Au acha gari nje ya mji, ingia kwa basi.

Bi Ramani

Hakuna aliyemtetea dereva, acha nimtetee. Nilikwenda India mara mbili, zote na dereva, na sijutii, kwa sababu barabara za kule zina lugha yake ya honi na sikuwa na wiki ya kujifunza. Ila Italia na Uswisi vibao ni vilevile vya kimataifa, treni zinafika karibu kila mahali, dereva wa siku 13 ni kutupa hela. Mchukue usiku wa kutua tu. Umekaa kwenye ndege usiku kucha halafu ushike usukani upande usiouzoea? Hapana. Na hakikisha gari lake lina kibali cha kubeba abiria wa kulipia. Rafiki wa rafiki mwenye gari zuri, mkipata ajali, bima yake inaweza kuwatupa wote.

Mwendo wa Kobe

Kibegi, kuhusu kubadili upande, hofu umeielekeza pasipo penyewe. Kwenye foleni hutakosea, unamfuata wa mbele. Utakosea alfajiri, barabara tupu, umetoka kujaza mafuta, watoto wamelala nyuma. Mimi nilitoka kituo cha mafuta nikapinda kwa ulaini, nikaingia upande wangu wa siku zote. Nimekwenda kama mita mia mbili nikijiuliza kwa nini vibao vyote vimenipa mgongo. Lori likatokea kwenye kona ya mbele, linawasha na kuzima taa. Ashukuriwe Mungu lilikuwa mbali, nikahama.

Tangu siku ile nina alama moja tu: mimi dereva nikae upande wa mstari wa katikati ya barabara, abiria akae upande wa majani. Kwa gari lenye usukani wa nchi husika, alama hiyo haikosei, kushoto au kulia. Na mkeo mpe kazi: kila mkitoka kituo cha mafuta, maegesho au barabara ya mwelekeo mmoja, aseme "kulia" kwa sauti.

Kile tunachokiita kipilefti, kule jina linakudanganya. Unaingia kwa kulia, unazunguka kinyume cha mshale wa saa, na wa kumtazama anatokea kushoto kwako. Indiketa nayo iko mkono wa kushoto; kama umezoea magari ya Kijapani, siku ya kwanza utapangusa kioo kikavu kila kona. Agiza otomatiki mapema, magari mengi ya kukodi ya Italia bado ni ya gia za mkono, na mkono wenyewe utakuwa wa kulia. Mambo mawili mapya kwa wakati mmoja ni mengi.

Tairi Spea

Skuta ya watu wanne? Mwambie mdogo wako atuchoree.

Lakini naye aelewe kitu. Leseni ya gari haimfanyi kuwa dereva wa pikipiki. Kijitabu kina mahali pa madaraja, na la pikipiki, yaani A, lazima liwe na muhuri. Huko Thailand na Bali wapo wakodishaji wasiouliza chochote, wanakupa funguo na helmeti iliyolegea. Bima ya safari ndiyo itakayouliza, na hapo mguu umeshafungwa plasta.

Upande wa Uswisi: barabara kuu za magari zinataka stika ya malipo ya barabara, nayo ni ya mwaka mzima tu, hakuna ya siku 4. Ukikodi gari huko huko unalikuta nayo. Ukivuka na gari la Italia unanunua wewe, na lazima mwenye gari akuruhusu kwa maandishi kuvuka mpaka, la sivyo bima inaweza kubaki upande wa pili. Mimi ningevuka kwa treni, nikakodi upya.

Milimani, kwenye mteremko mwembamba, anayeshuka ndiye anampisha anayepanda. Basi la manjano la posta likija, mtii dereva wake, akikuambia rudi nyuma, rudi. Na ukishuka tumia gia ndogo. Otomatiki nyingi zina L, yaani gia ya chini, au alama ya kutoa (-) ya kushusha gia. Ukianza kusikia harufu kama ya chuma kilichoungua umeshachelewa, simama breki zipoe.

Gia ya Tano

Nirudi kwa adabu na kimoja. Mwendo. Italia barabara kuu ni 130, mvua ikinyesha 110. Uswisi ni 120, na nje ya miji 80. Angalia pia kipimo: jamaa alikodi gari Ireland Kaskazini, dashibodi ya maili, akavuka kwenda Jamhuri ambako vibao ni kilomita tangu 2005. Akaona 100, akapeleka sindano kwenye 100. Hiyo ni kilomita 160!

Na pombe: Italia na Uswisi mwisho ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, ila Hungaria na Ucheki ni sifuri. Mimi nikiwa na funguo siongezi hesabu, nakunywa soda.

Kibegi

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeamua: dereva usiku wa kutua, treni kati ya miji, gari otomatiki siku 4 za mashambani Italia na siku 2 Uswisi, limekodiwa huko huko. Kijitabu naenda kukiomba kesho. Bima nachukua ya kaunta, mimi na mume wa Dada Risiti tuko chama kimoja. Kuna nilichosahau?

Dada Risiti

Viti vya watoto! Usiangalie umri tu, pima na urefu. Italia mtoto aliye chini ya sentimita 150 lazima awe na kiti chake. Uswisi ni mpaka afike miaka 12 au sentimita 150. Viagize pamoja na gari, kaunta huisha. Na kabla ya kuwasha, zunguka gari na simu ukirekodi video: rimu zote nne, kioo cha mbele, paa, kipimo cha mafuta. Ukirudisha, rekodi tena, hata kama maegesho ni giza na una haraka ya ndege.

Kibegi

Nimempima mkubwa ukutani sasa hivi. 141. Amenuna, anasema kiti ni cha mdogo wake.