Jerry Yeagley alidumu vipi Indiana?

Swali: Ndugu zangu, Jerry Yeagley alianza kufundisha soka Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, mwaka 1963. Ni nini kilichomfanya adumu pale hadi 2003?

Jibu: Kwa miaka kumi ya mwanzo timu ilikuwa klabu tu ya wanafunzi, haikupewa hadhi rasmi na chuo hadi 1973, kwa hiyo alikuwa akilinda kitu alichokijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Jibu: Naafiki, ila mataji yasisahaulike: alitwaa sita ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani), la kwanza 1982 na la mwisho 2003, msimu wake wa kuaga. Makocha wachache mno huondoka hivyo!

Jibu: Mwanawe Todd, aliyewahi kuichezea timu hiyo, alikabidhiwa ukocha wake baadaye, akatwaa taji 2012.