Fedha za haki za wafanyakazi wa mashamba makubwa zinaishia ukumbini, na wafadhili wanajua

Wakuu, huu ni uzi wa hasira.

Bajeti za miradi ya haki za wafanyakazi wa mashambani zinafanana kama mapacha: semina, posho, tisheti, mabango, mshauri elekezi, ripoti yenye picha nyingi. Mwisho wa mwaka wanahesabu vichwa vilivyokaa ukumbini. Mchuma chai akirudi shambani anaikuta mizani ileile na nyapara yuleyule.

Na kwenye mizani ndipo wizi ulipo. Anayelipwa kwa kilo anakatwa uzito wa gunia, halafu "maji ya majani", halafu gramu za juu zinafutwa. Kilo 2 kila upimaji, mara 3 kwa siku, siku 26: kilo 156 zimeyeyuka kwa mwezi mmoja. Kinga yake inajulikana. Jiwe la kilo 20 lenye muhuri wa serikali liwekwe kwenye mizani kila asubuhi, mjumbe wa tawi la chama cha wafanyakazi akiwepo. Gunia tupu lipimwe peke yake, tena likiwa limelowa, ili makato yawe ya uzito wake halisi. Mchumaji abaki na kadi yake ya kilo, mbali na daftari la ofisi, maana bila kadi hiyo hana ushahidi wa kupeleka popote. Nani amewahi kuona jiwe la mizani kwenye bajeti ya mfadhili?

Ukaguzi wa vyeti, vile vinavyodai shamba linawatendea haki wafanyakazi, nao ni aibu. Mkaguzi analipwa na shamba analolikagua, na ziara inajulikana mapema. Atakuta glavu mpya, vibarua wa wakala wamezuiwa wasije, na wa kuhojiwa wamechaguliwa na meneja. Mkataba Na. 129 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) wa mwaka 1969, kwa nchi zilizouridhia, unamruhusu mkaguzi wa serikali kuingia shambani bila taarifa, mchana au usiku. Lakini hana mafuta ya pikipiki! Akishapanda gari la kampuni, ukaguzi umekufa getini.

Kuhusu chama, miradi ya miaka 2 haifai kabisa. Kuandikisha wanachama, kutambuliwa na mwajiri, kujadili mkataba wa hali bora (ule wa pamoja kati ya chama na mwajiri): kila hatua mwajiri anaivuta, na fedha zinakatika mazungumzo yakianza. Wakati huohuo vibarua wanaachishwa kabla ya muda wa kuthibitishwa, wanaajiriwa upya, na uandikishaji unaanza sifuri. Wa kwanza kufukuzwa ni mwenyekiti wa tawi. Asipokuwa na wakili na chakula cha nyumbani kesi ikiendelea, atakubali kifuta jasho, na shamba zima litajifunza kunyamaza. Mfuko wa kesi uwepo kabla hajafukuzwa.

Msiseme haiwezekani. Kwenye mashamba ya nyanya ya Florida, Marekani, tangu 2011, wanunuzi wakubwa waliosaini mkataba na wafanyakazi wanalipa nyongeza kwa kila ratili, inayopitia kwenye mishahara, na shamba linalokaidi kanuni wanaacha kulinunulia. Kinachouma ni hilo la kuacha kununua. Fedha bila adhabu mwajiri anazisubiri tu ziishe.

Mwenye bajeti ya mradi unaoendelea sasa aiweke hapa, tuipitie mstari kwa mstari.