Re: Meno ya mama mkwe, NHS au praiveti?

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Nina swali la meno. Mama mkwe tunaishi naye hapa Birmingham, ana miaka 74. Meno mawili ya chini yanacheza, na bandia la juu linamchubua fizi mpaka wiki ya pili sasa anakula uji tu. Nikampeleka kwa daktari wa meno jirani, wakanipa makadirio ya praiveti, bandia jipya na kung'oa, nikasoma mara mbili nikadhani wamekosea wakaongeza sifuri. Nikauliza kuhusu NHS, ile huduma ya afya ya serikali, dada wa mapokezi akasema watu wazima wapya hawachukui. Sasa mimi nilijua ukishapita 60 ni bure, mbona dawa zake za presha halipii hata senti? Mama mwenyewe ameshaanza kusema arudishwe Tanga akang'olewe yote yaishe. Naombeni msaada.
Wifi wa Birmingham

> mbona dawa zake za presha halipii

Wifi pole sana na mgonjwa. Hilo la 60 limetuponza wengi. Hapa England ukifika 60 dawa bure, kupimwa macho bure, ila meno hapana, meno hayaangalii umri yanaangalia mfuko. Kwa hiyo kabla hujafananisha bei niambie, mama anapata Pension Credit, ile nyongeza ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo? Sisemi penshen ya kawaida, nasema Pension Credit, na iwe ile sehemu ya Guarantee Credit. Kama anapata basi meno ya NHS ni bure, kung'oa, kuziba, bandia, vyote. Kama hapati na kipato ni kidogo na akiba haizidi paundi 16,000, jazeni fomu ya HC1, mkikubaliwa mnaletewa cheti, HC2 halipi kabisa, HC3 analipa sehemu. Na kama viza yake ina lile sharti la kutogusa public funds, yaani misaada ya serikali, Pension Credit msiikaribie kabisa, ila HC1 haimo kwenye hiyo orodha, jazeni bila wasiwasi.

Jambo moja nakuomba, kwenye fomu ya meno msitie tiki ya bure kwa kubahatisha. Sisi tulitia. Mama yangu alikuwa na miaka 68, mtu wa mapokezi akasema ah wazee wote weka hapo, tukaweka, miezi ikapita ikaja barua, deni la matibabu na faini juu yake, mama kaishika ile bahasha siku nzima akidhani polisi wanakuja.

Bei za NHS England zilizoanza April 2025 zilikuwa ngazi tatu, kwa paundi: 27.40 kuangaliwa na vitu vidogo, 75.30 kuziba, kung'oa, kutibu mzizi, na 326.70 bandia, kofia za jino na daraja la kuziba pengo. Na unalipa mara moja kwa kozi nzima, ile ngazi ya juu tu. Yaani akitolewa mawili akatengenezewa na bandia jipya ni ngazi ya tatu tu basi, hawakuongezei ya kung'oa. Ila subiri, nani amekwambia anahitaji bandia jipya? Kulichonga lile la zamani pale linapochubua ni ngazi ya kwanza. Kulitia bitana upya kwa ndani, maana fizi za wazee zinasinyaa bandia linabaki linaelea, ni ngazi ya pili. Na likivunjika kulikarabati NHS ni bure. Sasa hao walioruka moja kwa moja kwenye bandia jipya, waulize kwa nini.

Kuhusu kufungiwa mlango, meno siyo kama GP, daktari wa familia, hakuna mipaka ya mtaa, piga simu hata mji wa pili. Akiwa na maumivu makali piga 111, simu ya ushauri ya NHS, ya dharura ni ngazi ya kwanza hiyo hiyo.
Mama wawili, Coventry

Mimi nitawapinga kidogo hapo. Baba yangu tulimpeleka praiveti bila kusita akatengenezewe bandia, tulilipa karibu mara tatu ya ile 326 na sijutii, lilikuwa la chuma jepesi na fundi alikaa naye vikao vinne mpaka likakaa. Kwa mtu ambaye hana jino hata moja unaweza kwenda moja kwa moja kwa fundi wa meno bandia aliyesajiliwa kama clinical dental technician, si lazima upitie kwa daktari. Ila wifi mama ana meno bado, kwa hiyo daktari kwanza. Na wakikuchanganyia, kidogo NHS kidogo praiveti, dai karatasi ya mpango ionyeshe kipi ni kipi. Bila karatasi usitoe kadi.
Kaka wa Luton

Nesi hapa, nachomekea moja tu. Kabla ya kung'oa pelekeni orodha ya dawa ZOTE. Hasa kama anameza ile ya mifupa ya mara moja kwa wiki, alendronic acid, mfupa wa taya unaweza kugoma kupona, na za kufanya damu iwe nyepesi pia wajue. Msiziache wenyewe jamani, waambieni tu.
Leicester

Wapendwa asanteni, narudi na majibu. Nilipiga simu kumi na moja, ya kumi na mbili Wolverhampton wakasema njooni Alhamisi. Daktari, kijana mdogo tu, akapaka rangi fulani ndani ya bandia, akamvalisha mama, akalitoa, doa likabaki pembeni pale pale kwenye kidonda. Akachonga, akamvalisha tena, akachonga. Dakika kumi. Nimelipa 27.40 na risiti nimeiweka maana HC1 tumeshatuma, nimeambiwa cheti kikitoka nadai hela yangu kwa HC5(D), fomu ya kurudishiwa hela ya meno, ndani ya miezi mitatu toka siku niliyolipa. Yale mawili yanayocheza wanayang'oa mwezi ujao, na kweli Nesi, dawa ya mifupa anameza, hata hatukuwa tumeitaja, wamesema wataongea na GP kwanza. Tanga haizungumzwi tena, jana kaomba muhogo.
Wifi