Loch Lomond kwa siku moja bila gari: Balloch, Luss, Balmaha au Tarbet?

MwanaKagera (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za Jumapili. Mama yangu amekuja kutoka Bukoba na atakuwa nasi hapa Glasgow mpaka katikati ya Juni. Tangu afike anaulizia ziwa. Amezaliwa na kukulia kando ya Ziwa Nyanza (Victoria), na bustani za mjini hazimtoshi hata kidogo. Jumamosi ijayo nataka nimpeleke Loch Lomond, ziwa la karibu na hapa, pamoja na watoto wawili, wa miaka 6 na 10. Gari hatuna. Magoti ya mama yanamsumbua: pa tambarare anatembea vizuri tu, kupanda mlima hapana.

Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Balloch, kwa kuwa treni inafika pale pale. Luss, kwa ajili ya vile vijumba vya mawe na maua. Balmaha, kwa ajili ya visiwa. Tarbet, halafu kuvuka kwa boti hadi kwenye maporomoko ya Inversnaid. Mliokwisha kwenda, nilinganishieni kwa ukweli, hasa usafiri na pa kupumzika. Siku ni moja, nisingependa ituishie kituo cha basi.

JiraniWaLeven

Karibu dada. Naishi bonde la Leven, mto unaotoa maji ya ziwa hilo na kuyapeleka mto Clyde pale Dumbarton, kwa hiyo upande wa kusini ndio nyumbani.

Kabla hujachagua kijiji, lijue umbo la ziwa lenyewe, maana hapo ndipo tofauti zote zinapoanzia. Kwa eneo ndilo kubwa kuliko yote katika kisiwa cha Britania: kilomita za mraba 71, na urefu wa kama km 36. Kusini limetanuka hadi km 8, kina si kirefu sana, na visiwa vimejaa. Kaskazini milima imelibana likawa jembamba, na kina kinakaribia mita 190. Ufa wa miamba unaotenganisha nyanda za chini na milima ya Scotland unakatiza humo humo ziwani, na barafu ya zamani ndiyo iliyochimba lile bonde la kaskazini. Kwa hiyo anayeishia Balloch na anayeishia Tarbet watakusimulia maziwa mawili tofauti, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Sasa Balloch. Treni ni kutoka stesheni ya Queen Street hapo Glasgow, chini kidogo ya saa moja, na siku za kawaida hupita mbili kila saa. Ukishuka, boti za matembezi ziko mtoni, hatua chache tu kutoka stesheni. Bustani ya Balloch Castle ina uwanja mpana wa nyasi unaoteremka hadi majini, na hulipi kitu. Kasoro yake ni kwamba Balloch ni mji mdogo wa maduka na pilikapilika, si kijiji, na milima unaiona kwa mbali.

Usipite Balloch bila kumwonyesha mama meli ya Maid of the Loch, gatini. Ni meli ya mvuke yenye magurudumu makubwa ya makasia ubavuni. Ilitengenezwa Glasgow na A & J Inglis, ikaletwa Balloch vipande vipande kwa reli, ikaunganishwa kando ya ziwa na kushushwa majini mwaka 1953. Ilibeba abiria mpaka 1981. Miaka mingi sasa watu wa kujitolea wanaikarabati ili itembee tena.

MzeeWaKemondo

JiraniWaLeven umenigusa. Mwanangu MwanaKagera, mama yako wa Bukoba lazima anaijua MV Victoria. Basi ile nayo ilizaliwa Glasgow! Ilitengenezwa na Yarrow pale Scotstoun mwaka 1959, ikafunguliwa yote, ikasafirishwa kwa bahari na reli hadi Kisumu, ikaunganishwa upya na kuanza kazi 1961. Mtindo ule ule waliotumia kwa Maid of the Loch miaka michache kabla, isipokuwa safari yake ilikuwa ndefu zaidi. Hata zile za zamani zaidi za ziwa letu, Clement Hill, Nyanza, Usoga na Rusinga, zilitoka Paisley, kwa Bow, McLachlan. Ndiyo maana mimi nikiona Clyde naona chanzo cha safari za Mwanza na Bukoba. Victoria bado ipo kazini mpaka leo, baada ya ule ukarabati wa 2020. Mpeleke mama aione Maid of the Loch, dada yake Victoria.

MwanaKagera

Shikamoo mzee. Nimemsomea mama hayo maneno na ameanza kunihesabia mara alizovuka kwenda Mwanza akiwa msichana wa shule, na jinsi walivyokuwa wakilala juu ya mizigo ya ndizi. Balloch imeshakubaliwa, hatuiruki. Swali sasa ni tukitoka hapo twende wapi, kama muda upo.

MtembeaNjia

Mimi ni Mkenya, niko Stirling, na jibu langu ni moja: Balmaha. Ufuo wa mashariki haujaharibiwa na barabara kuu. Barabara yenyewe inakwisha Rowardennan, kutoka hapo kwenda mbele ni miguu tu. Njia ya West Highland Way, km 154 kutoka Milngavie hadi Fort William, inapita pale pale, kwa hiyo kijijini unakutana na watu wenye mabegi mgongoni, matope hadi magotini na nyuso za furaha.

Kutoka gati ya Balmaha boti ndogo inakuvusha kwa dakika chache hadi kisiwa cha Inchcailloch. Msitu wa mialoni, njia za miguu, ufuo mdogo wa mchanga upande wa pili, na makaburi ya kale ambamo wamezikwa watu wa ukoo wa MacGregor. Mtawa aliyeitwa Kentigerna, kutoka Ireland, aliishi humo karne ya 8. Ukipanda kilele cha kisiwa unaona kwa macho yako ule ufa aliousema JiraniWaLeven: Inchcailloch, Torrinch, Creinch na Inchmurrin vimepangana mstari mmoja. Mwenye miguu mizuri apande Conic Hill nyuma ya kijiji, mita 361, auone mstari wote kwa mara moja. Mahali pengine pote unalitazama ziwa, hapa unalielewa.

MamaNasra

Kaka MtembeaNjia, Balmaha naipenda na sikupingi kuhusu uzuri wake. Lakini soma tena alichoandika mwenzetu: mama mwenye magoti, mtoto wa miaka 6, hakuna gari. Basi la kutoka Balloch kwenda Balmaha kupitia Drymen ni la kijijini na si la mara kwa mara. Likikupita moja, siku imeondoka. Na njia ya kupanda Inchcailloch ina ngazi za mawe, zikilowa zinateleza. Kwa familia hii mimi nasema Luss.

Luss iko ufuo wa magharibi, kwenye barabara ya A82. Mabasi ya kampuni ya Citylink yatokayo kituo cha Buchanan, Glasgow, kwenda Oban, Campbeltown na Skye yanasimama hapo, na mara nyingi safari haizidi saa moja na kidogo. Kijiji chote unakizunguka bila haraka, ni tambarare tupu. Kuna gati, kuna ufuo wa kokoto mbele ya kijiji, kuna vyoo na pa kunywa chai. Vile vijumba vilijengewa wafanyakazi wa shamba la ukoo wa Colquhoun na wa machimbo ya mawe bapa ya kuezekea. Sasa vimekuwa maarufu kiasi kwamba wageni wanapiga picha mpaka ndani ya madirisha. Tafadhali waambieni watoto: humo wanaishi watu.

Kanisa lake lilijengwa 1875, na habari yake inasikitisha. Bwana wa eneo hilo, Sir James Colquhoun, alikuwa akirudi kwa mashua kutoka kisiwa cha Inchlonaig Desemba 1873, baada ya kuwinda paa, mashua ikazama yeye na watu wake wakafa maji. Mwanawe akajenga kanisa hilo kwa kumbukumbu ya baba. Uani kuna jiwe la kaburi la enzi za Waviking, limechongwa kama paa la nyumba. Watu wengi wanalipita bila kulitazama.

Ubaya wa Luss ni umati. Jumamosi ya jua kijiji kinafurika, na wenye magari wanahangaika na maegesho. Nyinyi mnaokwenda kwa basi hilo haliwahusu.

MtembeaNjia

MamaNasra, hoja ya basi naikubali kwa familia hii. Ila wengine mnaosoma na mna miguu na siku nzima, msije mkaacha mashariki kwa sababu ya ratiba. Na mkifika Rowardennan, njia ya Ben Lomond ni hiyo hapo: iko wazi, imetunzwa vizuri, na mlima wenyewe una mita 974, ndio wa kusini kabisa katika ile milima 282 ya Scotland inayozidi futi 3,000.

Kikotoo

Hamjamtendea haki kaskazini. Treni ya West Highland kutoka Queen Street inakushusha Arrochar & Tarbet, na njiani dirishani unapata Clyde na ghuba za bahari za Gare Loch na Loch Long kabla hata hujafika. Tarbet yenyewe ni gati, hoteli na nyumba chache, si pa kushinda. Thamani yake ni boti ya kuvuka hadi Inversnaid. Ziwa ni jembamba, milima imekusimamia kulia na kushoto, unatereza kwenye kivuli cha Ben Lomond, halafu unashukia pembeni kabisa mwa maporomoko. Kwa gari kufika Inversnaid ni mzunguko mrefu kupitia Aberfoyle, kwa hiyo boti ndiyo njia ya busara.

Shingo ya nchi kati ya Arrochar na Tarbet haizidi sana kilomita 3. Mwaka 1263 watu wa mfalme Håkon wa Norway waliburuta meli zao nchi kavu kutoka Loch Long, wakaziingiza Loch Lomond na kushambulia vijiji ambavyo havikutegemea adui wa baharini. Ukisimama stesheni ukatazama pande zote mbili unaona iliwezekanaje.

Kwa upande wa mama: kutoka stesheni hadi gatini ni mteremko, maana yake kurudi ni kupanda. Na treni za njia hiyo ni chache, Jumapili ndiyo kabisa. Kwa hiyo uzuri naupa Tarbet na Inversnaid namba moja, lakini kwa magoti yale sitamsukuma mtu.

BintiMuscat

Samahani kuingilia. Sisi tunakuja Agosti kutoka Muscat, familia nzima, tutakodi gari. Loch Lomond au Loch Ness? Na je, tunaweza kupiga hema ufukweni?

Kikotoo

BintiMuscat, kama mna gari na siku za kutosha, pitieni Lomond mkielekea Ness, A82 ni barabara hiyo hiyo. Loch Ness lina kina cha mita 230 na maji mengi kuliko maziwa yote ya England na Wales yakijumlishwa, lakini kutoka Glasgow ni mwendo wa saa tatu na zaidi. Kwa vijiji na visiwa, Lomond inashinda. Ness ni refu, limenyooka, na vijiji vyake ni vichache.

Hema: Scotland sheria ya 2003 inaruhusu watu kutembea na kulala nje karibu kila mahali kwa adabu. Ila Loch Lomond imo ndani ya hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa 2002, na humo sehemu nyingi za ufuo zinahitaji kibali kuanzia Machi 1 hadi Septemba 30. Kibali kinaombwa mapema mtandaoni kwa ada ndogo.

JiraniWaLeven

Na Agosti mjiandae na usubi. Wadogo sana, wanauma sana, wanatoka jioni tulivu yenye unyevu. Penye upepo hawawezi kuruka, kwa hiyo kaeni kwenye uwazi ufukweni, si chini ya miti. Mkipita kwenye majani marefu jikagueni kupe mkirudi, mng'oeni kwa kibano bila kumminya.

Neno moja kwa MwanaKagera, na hili nalisema kwa uzito. Watoto waliozoea ziwa la nyumbani wataona maji maangavu, watataka kujitosa. Maji haya ni baridi hata Juni, baridi inayokata pumzi kwa ghafla, na sehemu nyingine ukingo unakatika hatua chache tu kutoka nchi kavu. Watu wazima wanaojua kuogelea wamekufa humu. Waache waloweshe miguu pale Luss kwenye kokoto, wewe ukiwa umesimama nao.

MwanaKagera

Asanteni sana, sasa nimeona njia. Asubuhi treni hadi Balloch, tukaione meli, tule kwenye nyasi za Balloch Castle. Mchana tuhamie Luss, kwa boti kama msimu huu ipo, au kwa basi. Jioni Citylink kutoka Luss moja kwa moja hadi Buchanan. Mama anapata maji, meli na kijiji, na hapandi kilima chochote. Inversnaid nitakwenda mwenyewe siku nyingine. Kuna ninachokosea?

MamaNasra

Mpango mzuri dada. Anza na basi la jioni: kata tiketi zake leo, maana yale mabasi yanatoka mbali na Jumamosi yanafika Luss yakiwa yamejaa. Ndipo upange saa za asubuhi ukirudi nyuma kutoka hapo. Boti ya Balloch hadi Luss iangalie ratiba yake asubuhi hiyo hiyo, upepo ukizidi wanaisitisha. Bebeni chakula chenu na chupa ya chai, mchana vibanda vya Luss vina foleni ndefu. Na koti la mvua kwa kila mtu, hata kama asubuhi Glasgow jua linawaka. Msalimie mama.